Tulipunguza ofisi, mgao ukaturudisha wote

Kampuni yetu ya ushauri wa miradi ina watu 46. Mpaka mwanzoni mwa 2023 tulikuwa tumepanga ghorofa mbili kwenye jengo moja la katikati ya Dar es Salaam. Leo tuko ghorofa moja na kipande cha nyingine. Katikati ya hapo pana hadithi ndefu ya jipsamu, vioo, viyoyozi na manung'uniko, na mimi kama afisa utawala yote yalipita mezani kwangu. Wenzangu wa ofisi nyingine hunipigia simu wakitaka kufanya kama sisi, na karibu wote huanza na swali lile lile: kwa watu kadhaa, meza ngapi zinatosha? Nami huwauliza: hilo dodoso lako la siku za kuja ofisini amelijaza nani?

Kwanza, ofisi ilizidije ukubwa. Mwaka 2020 hapa kwetu hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa nchi jirani, lakini shule zilifungwa Machi na wabia wetu wa Ulaya wakataka kila mwenye kompyuta ya kubeba aende nayo nyumbani. Shule zikafunguliwa, mji ukarudia kelele zake, ila kuna watu hawakurudi kikamilifu kwenye viti vyao. Walishaonja kuamka bila foleni ya Bagamoyo Road, na nani angewalaumu.

Sababu ya pili wanaisahau wanaosoma habari za ofisi za Ulaya na Marekani wakadhani zetu zinabadilika kwa sababu zile zile. Sisi tuna Dodoma. Zamani wizara tulizofanya nazo kazi zilikuwa mwendo wa miguu kutoka kwetu: unatoka na faili, unasaini, unarudi kabla chai haijapoa. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko, wengi tulitabasamu tu. Kisha Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa 2019, makatibu wakuu wakahama kweli, na nusu ya timu yetu ya miradi ikaanza kuishi kwenye mabasi ya Dodoma. Ukipita ghorofa ya juu siku ya Jumatano unakuta viti vimevaa makoti na hakuna mtu.

Kodi ilikuwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa shilingi 2,300 na ushei. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa imevuka 2,500, na kuipata benki ilikuwa shughuli. Uamuzi wa kupunguza ghorofa ulishapita wakati huo, lakini kila dola ilipopanda wakubwa walijiona wameona mbali.

Sasa dodoso. Kabla ya kupunguza ghorofa lilitumwa kwa barua pepe na swali kuu lilikuwa: unahitaji kuja ofisini siku ngapi kwa wiki? Wakuu wa idara walijibu siku mbili, nao walisema kweli. Wanaishi Mbweni, Goba, Mbezi Beach; nyumbani wana chumba cha kazi, intaneti ya nyaya, inveta ya kuwavusha umeme ukikatika, na dada wa kazi anayewanyamazisha watoto. Vijana nao waliandika siku mbili, kwa sababu hakuna kijana mwenye mkataba wa mwaka mmoja atakayeandika tofauti na bosi wake kwenye dodoso lenye jina.

Nilikwenda kwenye daftari la mapokezi, lile ambalo kila anayeingia anasaini. Nikachukua miezi mitatu isiyo na sikukuu kubwa, nikahesabu kwa siku na kwa idara. Picha ikawa nyingine kabisa. Wahasibu walikuja kila siku. Madereva kila siku. Vijana wa takwimu, wanaoishi Chanika, Mbagala na Kimara kwenye chumba na sebule, walikuja kila siku na kutoka wa mwisho. Wastani wa siku ulikuwa watu 24 hivi, lakini wiki za kufunga ripoti walifika 39. Nikapeleka hesabu zote mbili kwenye kikao. Kikao kikapenda wastani, kikaongeza meza chache za tahadhari, tukatoka na 28.

Kama kuna jambo moja la kushikilia ukiwa kwenye kiti changu, ni hili: daftari lina thamani kuliko dodoso, na siku iliyojaa ina thamani kuliko wastani. Watu hawafanyi kazi kwenye wastani. Na angalia nani yumo kwenye chumba cha maamuzi. Kwetu walioamua ukubwa wa ofisi walikuwa wale wale wasioihitaji.

Msanifu tuliyempata alikuwa kijana msikivu, mwenye picha nzuri za vioo, mimea na sofa za rangi ya haradali. Mpango ulikuwa meza zisizo na mwenyewe: unakuja, unaketi palipo wazi, jioni unaacha peupe. Wazo hili lina umri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya matangazo ya Chiat/Day huko Los Angeles iliwanyang'anya wafanyakazi wake meza. Wengine wakageuza buti za magari yao kuwa kabati za mafaili, na miaka michache baadaye kampuni ikaachana na mpango huo. Kuhusu ofisi ya wazi, ule utafiti wa wasomi wa Harvard, Bernstein na Turban, uliochapishwa 2018 ulipima kampuni zilizobomoa kuta na kukuta watu wamepunguza kuongea ana kwa ana kwa karibu asilimia 70, wakahamia kwenye barua pepe na ujumbe. Nilimtumia msanifu habari hizo. Alinijibu kwa adabu kwamba ameziona, ila mteja ndiye anayelipa.

Niseme juu ya ujenzi, maana hapa ndipo fedha hupotea kimya kimya.

Ukuta wa jipsamu wa chumba cha mikutano ulipanda mpaka kwenye siling bodi ukaishia hapo. Kwa macho ni ukuta. Lakini juu ya siling bodi kuna uwazi wa mabomba na nyaya unaotambaa ghorofa nzima, na sauti hupanda, hupita juu, hushuka upande wa pili. Siku ya kwanza mkurugenzi alifanya kikao cha nidhamu mle ndani, na vijana wa takwimu wakasikia kila neno, pamoja na kiasi cha mshahara wa mhusika. Ukuta wa chumba cha siri unatakiwa upande mpaka kwenye zege la juu, ndani ukiwa na sufi ya kuzuia sauti, na mlango usiwe na uwazi chini. Hakikisha maneno hayo yameandikwa kwenye mchoro na kwenye mkataba, kwa sababu mkandarasi atajenga kilichoandikwa, na akimaliza kupaka rangi utalipa upya kubomoa.

Tulitengenezewa pia vibanda viwili vya kupigia simu: mbao, kioo mbele, sponji ukutani. Vilipendeza. Havikuwa na feni wala tundu la kuingiza hewa, na hii ni Dar es Salaam. Dakika kumi za kikao cha mtandaoni ulitoka shati limegandia mgongoni. Baada ya muda, kimoja kikawa stoo ya maji ya dispensa. Kile kingine fundi alikitoboa juu, akaweka feni ndogo ya kuvuta hewa, na tangu siku hiyo kina foleni. Feni ile na kazi yake ilikuwa laki moja na kitu.

Viyoyozi vilivyokuwepo vilipangwa kwa ukumbi mmoja. Tulipokata vyumba, kimoja kikabaki na viyoyozi viwili na kingine hakina hata kimoja. Ukimuona msanifu anachora ukuta, muulize hapo hapo hewa ya chumba hicho itatoka wapi na swichi yake itakaa wapi. Soketi nazo: meza zilizo katikati ya ukumbi zinahitaji umeme wa kutoka sakafuni. Mkandarasi alipendekeza ekstensheni kwa kuwa ni nafuu, nasi tukakubali soketi za sakafuni kwa nusu tu ya meza. Nusu ile nyingine hakuna aliyetaka kukaa.

Meza zilitengenezwa na mafundi wa Keko, imara na kwa bei ya kueleweka. Viti tulinunua vya kiwandani, na sijutii shilingi hata moja hapo. Mtu atavumilia meza mbaya. Kiti kibaya atakipeleka kwa daktari wa mgongo na risiti ataleta kwako. Zile meza kubwa za mninga za wakurugenzi zilikataa kutoka mlangoni, ikabidi zifunguliwe, na mmoja wa wazee aliinunua ya kwake akaipeleka nyumbani. Jumla yote, na viti, ilikaribia milioni 120. Kodi tuliyookoa mwaka wa kwanza iliizidi kidogo, kwa hiyo kwenye karatasi tulikuwa mashujaa.

Kuishi humo ndiko kulikotufundisha mambo yasiyomo kwenye picha. Salamu, kwa mfano. Kwenye korido ya vyumba unamwamkia mtu mnapokutana, basi. Kwenye ukumbi wa wazi mlango ukifunguka akaingia mzee wa idara ya mazingira, meza nzima inainua vichwa: shikamoo, marahaba, hamjambo, habari za Goba, mvua imenyesha huko? Haupiti muda anaingia mama wa uhasibu. Aliyeketi karibu na mlango alikuwa amepoteza asubuhi yake kabla ya chai ya saa nne, na huwezi kumwambia mtu asisalimu. Ofisi isiyosalimiana nisingependa kuifanyia kazi. Dawa ilikuwa ya kawaida sana: tuliondoa meza za mlangoni, tukaweka hapo makabati ya mizigo na benchi. Mtu anaingia, anaweka begi, anasalimiana na walio hapo, halafu anakwenda kwenye meza kimya kimya.

Na heshima ya viti. Kijana wa takwimu anatoka Chanika saa kumi na moja alfajiri, anafika saa moja, anachagua meza ya dirishani. Saa tatu mzee anaingia, anasimama karibu na dirisha akitazama nje kama anayetafuta kitu. Hasemi neno. Kijana anainuka: "Karibu mzee, kaa hapa." Anahamia meza ya pili, anakuja mwingine, anahamia ya tatu. Niliwahi kumkuta mmoja saa tano yuko kwenye meza ya mwisho kabisa, mlangoni pa maliwato, kompyuta mapajani, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Programu ya kushika nafasi ya meza tuliyokuwa tunailipia kila mwezi haikusaidia chochote, maana kijana alikuwa anafuta jina lake mwenyewe.

Uhasibu ulikataa mapema, tena kwa haki. Mama mkuu wa uhasibu aliweka mezani mashine ya EFD ya kutolea risiti, mihuri, vitabu vya hundi na boksi faili za mwaka mzima, akaniuliza: "Baba, jioni nivibebe kichwani?" Akapewa chumba chenye kufuli siku hiyo hiyo.

Mfanyakazi mmoja alirudi kutoka likizo ya uzazi akakuta vyumba vyote ni vioo. Alikuwa anakamua maziwa kwenye stoo ya karatasi, mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, lakini haimpi mlango. Mlango ni juu yako wewe unayechora ofisi. Chumba kidogo, kufuli ya ndani, soketi, kiti cha kuegemea, friji ndogo na sinki jirani. Havizidi gharama ya sofa moja ya haradali.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna dodoso lililoliuliza. Kuanzia Septemba 2023 mgao wa umeme ulikaza. Jengo letu lina jenereta, nyumba za watu wengi hazina. Ndani ya wiki ile ile wale wote waliojibu siku mbili walikuwa mlangoni, na wakuu wa idara pia, kwa sababu inveta ya nyumbani hukuvusha saa chache, haikuvushi kutwa. Meza 28, watu zaidi ya 40. Walikaa kwenye sofa, kwenye kaunta ya jikoni, kwenye chumba cha mikutano mpaka mgeni alipofika wakahamishwa wote na kompyuta zao mikononi zimefunguliwa. Vijana wa mafunzo kwa vitendo walikaa chini, mgongo ukutani, wakigawana ekstensheni moja. Kufikia saa nane mchana hewa ilikuwa nzito hivi kwamba watu walisinzia wakiwa wanaandika.

Hali ilianza kulegea baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, kuingia kazini Februari 2024. Tukavuta pumzi. Mei 12 mwaka huo huo nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya nchi nzima ikazorota. Hapo kilichotuokoa ni seva ya zamani ya ndani ya ofisi. Kwenye mchoro wa kwanza chumba chake kilifutwa ili tupate kona ya mapumziko. Kijana wetu wa TEHAMA aligoma kwa maandishi, nakala kwa kila mtu. Wenye mafaili yao mtandaoni walikaa wakitazama duara linazunguka, na waliokuwa ofisini waliendelea kufungua kazi zao kama kawaida.

Katika miezi ile niliona ofisi kwetu ni kitu gani hasa. Kwenye majarida ya wenzetu wanajadili namna ya kuwavuta watu warudi: kahawa nzuri, meza za kuchezea mpira, bustani juu ya paa. Kijana wangu wa Mbagala havutwi na kahawa. Anafuata umeme usiokatika, intaneti asiyoilipia bando, kiyoyozi, na mahali ambapo sabufa ya jirani haisikiki. Kwake ofisi ni sehemu ya mshahara. Ukimwambia akafanyie kazi nyumbani siku tatu bila kumpa bando wala posho ya umeme, umemkata mshahara kwa maneno mazuri.

Katikati ya 2024 tulirudi kwa mwenye jengo tukaomba kipande cha ghorofa ya chini. Ukarabati wa pili ulikula milioni 35 hivi, nyingi zikiwa za kurekebisha vya kwanza: kuta mbili kupandishwa mpaka kwenye zege, soketi za sakafuni kumaliziwa, kiyoyozi cha ziada. Meza sasa ni 38. Anayekuja siku nne au zaidi kwa wiki ana meza yake yenye jina, hata akiwa na miaka 24. Anayekuja siku mbili, hata awe mkuu wa idara, anachukua meza ya pamoja. Hili lilileta kikao kirefu kuliko vyote. Mkurugenzi mtendaji alibaki na chumba chake, na mimi nilimuunga mkono, kwa sababu mgeni wa serikali akiuliza bosi anakaa wapi huwezi kumwonyesha sofa. Ila asipokuwepo chumba kile ni cha mikutano, na ana kabati la kufungia vyake.

Sehemu ya chai tumeipanua mara mbili, ikapata meza ndefu na mabenchi. Nilidhani watapinga gharama, hawakupinga. Watu wa miradi wanaorudi Dodoma hupitia hapo kwanza, na habari nyingi za wizarani nazisikia hapo kabla hazijaandikwa popote. Tangu treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma Julai 2024, wapo wanaokwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwa hiyo hata daftari langu la 2023 limeshapitwa. Nimeanza jingine.

Jambo la mwisho ni mkataba wa pango, nao ungekuja wa kwanza laiti ungekuwa unafurahisha kusoma. Ghorofa tuliyoiachia ilikuwa na kifungu cha kurudisha eneo kama lilivyokuwa siku tunaingia: kubomoa vyumba, kuziba matundu, kupaka rangi. Amana yetu yote iliishia huko na tukaongeza juu. Kabla hujaamua kupunguza, tafuta kifungu hicho, kipigie hesabu, na kama unapanga upya omba mambo matatu yaandikwe: picha za eneo siku ya kukabidhiwa, haki ya kuongeza au kupunguza nafasi katikati ya mkataba kwa notisi ya miezi mitatu, na nani analipia dizeli ya jenereta wakati wa mgao. Hilo la dizeli sisi tuliliacha kwenye "gharama za huduma", na ankara za Oktoba hadi Januari zilimfanya mama wa uhasibu anipigie simu saa tatu usiku.